Nguvu Imekwenda Wapi?

Mwaka juzi kijana mmoja niliyekuwa nikimsimamia mradi wake wa mwisho alinijia na bodi ya kijani mkononi, ndogo kama daftari la mfukoni, juu yake antena mbili za shaba zilizokaa ubavu kwa ubavu kwa mwanya wa milimita 6. Alikuwa amekesha maabara. "Mwalimu, angalia," akasema, akinigeuzia kioo cha VNA, kifaa tunachopimia antena, "imeshuka hadi desibeli -38!" Alichokuwa akikipima ni nguvu inayotoka kwenye antena ya kwanza na kuingia kwenye ya pili badala ya kwenda hewani, kipimo ambacho sisi wa fani hii tunakiita S21. Siku tatu kabla, bodi ileile ilikuwa inasoma -14. Alikata ufa mwembamba kwenye shaba ya chini, katikati ya antena zake mbili, na mstari kwenye kioo ukaporomoka. Nilimpongeza, kwa kuwa ufa ule aliukata kwa ustadi. Kisha nikamwomba aifunge bodi kwenye redio yake na apime ishara kutoka ng'ambo ya uwanja, mahali palepale alipokuwa akipimia tangu mwanzo. Alirudi kimya. Ishara ilikuwa imepungua kwa desibeli 3, yaani karibu nusu ya nguvu ilikuwa haifiki tena.

Kisa hiki nimekiona mara nyingi mno, kwa wanafunzi, kwa mafundi wenye uzoefu, hata katika makala za kitaaluma ninazopewa kuzikagua. Nasema mapema ninachokiamini ili msomaji ajue ninakompeleka: S21 peke yake ni hakimu asiyefaa. Mtu anayetaka kupunguza mwingiliano wa antena zilizokaribiana anapaswa kwanza kujua nguvu inavuja kwa njia ipi, halafu ajue mvujo huo unamdhuru vipi, na ndipo achague dawa. Na akishaitumia, swali la mwisho si S21 imeshuka kiasi gani. Swali ni hili: nguvu iliyokuwa inavuja sasa imekwenda wapi? Kama haikwenda hewani, hakuna kilichotibiwa.

Antena ya kiraka ina jina linaloisadifu. Ni kipande cha shaba kilichobandikwa juu ya kihami kama kiraka juu ya kanzu, na upande wa chini wa kihami kuna shaba nyingine pana tunayoiita ethi. Georges Deschamps alilitoa wazo hili mwaka 1953 nchini Marekani, likalala karibu miaka 20, hadi wahandisi kama Robert Munson na John Howell walipolifufua katika miaka ya 1970. Leo limo kwenye ruta, kwenye vipokezi vya GPS, kwenye paneli zinazoning'inia minarani. Urefu wa kiraka ni takriban nusu ya urefu wa wimbi ndani ya kihami. Katika masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.45 wimbi hewani lina urefu wa milimita 122. Ndani ya FR-4, bodi ya kawaida ambayo kigezo chake cha kihami ni takriban 4.4, wimbi hilo husinyaa kwa zaidi ya nusu, na kiraka kinatoka na urefu wa milimita 28 hivi kwa upana wa 37. Wahandisi wa antena hupenda kuacha nusu ya wimbi la hewani, milimita 61, kutoka kitovu cha antena moja hadi kitovu cha nyingine. Lakini kasha la kifaa halijui mapenzi yetu. Mteja anataka antena mbili, nne, nane, ndani ya boksi linalotosha kiganjani, na hapo ndipo viraka vinapoanza kubanana na kuvujiana.

Nguvu inapopitia

Njia ya kwanza ni ya karibu kabisa. Kila kiraka kimezungukwa na uga wa umeme na uga wa sumaku ambao haujajitenga nacho. Unapanuka na kunywea pamoja na mkondo wa juu ya shaba, kama joto la jiko linalosikika kwa aliyekaa kando yake na si kwa aliye barazani. Kiraka cha pili kikiingia ndani ya uga huo, mkondo unaamshwa juu yake hata kama hakijaunganishwa na chochote. Uga huu hupungua kwa kasi sana kadiri unavyosogea mbali. Milimita 5 za ziada hapa zina thamani kuliko ufundi mwingi wa gharama.

Njia ya pili ni wimbi la uso. Kihami kilicholala juu ya shaba ni mfereji: sehemu ya wimbi inanaswa ndani yake, inasafiri ikiwa imeulalia uso wa bodi, haitoki hewani hadi ikutane na ukingo au kiraka kingine. Ukidondosha kokoto kisimani, viwimbi huenea juu ya maji tu, navyo hufika mbali zaidi kuliko kama vingeenea kila upande kama sauti. Kwa sababu hiyohiyo nguvu ya wimbi la uso hupungua kwa uwiano wa umbali, ilhali wimbi linaloenea hewani hupungua kwa uwiano wa umbali kipeo cha pili. Wimbi la kwanza la aina hii halina masafa ya chini linakokatika. Lipo daima, swali ni kubwa kiasi gani. Jibu liko katika unene wa kihami ukilinganishwa na wimbi. Kanuni ya mkono tunayoitumia ni kwamba wimbi la uso huanza kuwa tatizo pale unene unapozidi takriban 0.09 ya urefu wa wimbi la hewani kwa kihami chenye kigezo cha karibu 2.3, na 0.03 kwa kihami chenye kigezo cha 10. Sasa pima bodi ya yule kijana: milimita 1.6 kugawa kwa 122 ni 0.013. Mbali na mpaka. Wimbi la uso kwenye bodi ile lilikuwa dogo. Bodi hiyohiyo ukiipeleka gigahezi 28, ambako wimbi lina milimita 10.7 tu, unene wake unakuwa 0.15 ya wimbi, na kihami kinageuka barabara kuu.

Njia ya tatu ni ethi yenyewe. Shaba ya chini inabeba mikondo ya antena zote. Ikiwa ni pana, mikondo hiyo hukaa chini ya kila kiraka na kutulia. Ikiwa ni finyu, kama ilivyo kwenye simu na vifaa vidogo, ethi inakuwa antena ya tatu ambayo zile mbili zinaitumia kwa pamoja, na kuzitenganisha huko juu bila kuigusa ethi ni kazi bure.

Mpangilio nao una neno lake. Kiraka hurusha kwa kingo mbili zilizo kwenye ncha za urefu wake. Viraka vikipangwa ncha kwa ncha, kingo hizo zinatazamana na wimbi la uso linapata njia iliyonyooka. Vikipangwa ubavu kwa ubavu, wimbi la uso ni hafifu, lakini uga wa karibu ndio unaotawala. Ndiyo maana kwa mianya mikubwa mpangilio wa ncha kwa ncha ndio unaovuja zaidi, na mwanya ukishuka chini ya takriban sehemu ya 10 ya urefu wa wimbi mambo yanaweza kugeuka. Kijana wetu, na mwanya wake wa milimita 6 ubavu kwa ubavu, alikuwa ndani kabisa ya himaya ya uga wa karibu.

Lakini kuna namna moja ya kuutazama mvujo ambayo naithamini kuliko nyingine zote, na ningependa kila mwanafunzi aijue kabla hajagusa programu ya uigaji. Chukua antena mbili pacha. Zilishe kwa wakati mmoja, nguvu sawa, fezi moja. Kiasi fulani cha wimbi kitarudi ulikolileta. Sasa zilishe kwa kupingana, moja ikipanda nyingine inashuka. Kiasi kingine kitarudi. S21 ni nusu ya tofauti kati ya marejeo hayo mawili, na S11, yaani kile kinachorudi kwenye antena moja ukiilisha peke yake, ni nusu ya jumla yao. Basi S21 inaweza kuwa sifuri kwa njia mbili zisizofanana hata kidogo. Ya kwanza: hali zote mbili zinapokea nguvu vizuri na hakuna kinachorudi. Ya pili: hali zote mbili zinakataa nguvu kwa kiasi kilekile na fezi ileile. Kwenye kioo cha VNA, ukiitazama S21 peke yake, hizi mbili ni kitu kimoja. Kwa mtumiaji aliye ng'ambo ya uwanja ni usiku na mchana.

Nilipomwambia kijana awashe mstari wa S11, jibu likawa wazi. Ufa ulikuwa umeiteremsha rezonansi, yaani masafa ambayo kiraka kinaitikia vizuri zaidi, na kwenye gigahezi 2.45 S11 ilisimama kwenye -5. Desibeli -5 ni asilimia 32 ya nguvu inayorudi redioni. Mvujo wake wa mwanzo, ule wa -14, ulikuwa asilimia 4. Alikuwa ameokoa 4 na kutoa 32. Isitoshe, ufa kwenye ethi hurusha nao kwa upande wa nyuma, na nyuma ya bodi yake kulikuwa na betri na kasha la bati.

Utaratibu huu wa hali mbili unafichua pia deni ambalo hakuna ufundi unaoweza kulifuta. Antena zikikaribiana sana na kulishwa kwa kupingana, mawimbi yao yanafutana angani karibu yote. Hali hiyo haipendi kurusha. Nguvu inazungukazunguka karibu na shaba, na upana wa masafa unaweza kusinyaa sana. Unaweza kuilazimisha ikubali nguvu katika masafa mamoja, lakini katika utepe mwembamba tu. Kwa hiyo mtu akinionyesha antena mbili zilizobanana kwa mwanya wa milimita 1, S21 ikiwa -40, swali langu la kwanza ni: kwa upana gani? Wi-Fi ya gigahezi 2.4 inahitaji megahezi 83.5, kutoka 2.400 hadi 2.4835. Kiraka cha FR-4 cha unene wa milimita 1.6 chenyewe kina upana wa asilimia 2 hadi 3 tu, kwa hiyo hata kabla ya mwingiliano hakuna cha kuchezea. Bonde lenye kina kirefu katika megahezi 5 ni zuri kwenye picha ya makala, na kwenye chaneli nyingine zote halipo.

Chini zaidi si lazima kuwe bora

Hii ndiyo dhana potofu ninayokutana nayo kuliko zote, na hesabu yake ni ya darasa la sekondari. Mvujo wa desibeli -10 unakuibia asilimia 10 ya nguvu, ambayo ni hasara ya desibeli 0.46. Wa -15 unakuibia asilimia 3.2, hasara ya 0.14. Wa -20 unakuibia asilimia 1, hasara ya 0.04. Kutoka -20 hadi -40, safari ambayo watu huitumia miezi na bodi kadhaa, kwa upande wa nguvu inayorushwa unapata desibeli 0.04. Hakuna mtumiaji wa Wi-Fi, Mbeya wala Mombasa, atakayeiona tofauti hiyo.

Hata hivyo sisemi kwamba -20 inatosha kila mahali, kwa sababu maradhi yanayoletwa na mwingiliano si mamoja. La kwanza ni hilo la nguvu, nalo huisha mapema. La pili ni la mifumo ya antena nyingi inayorusha mikondo kadhaa ya data kwa masafa yaleyale: inahitaji antena zisione dunia kwa namna moja, na hapo kinachohesabika ni tofauti ya maumbo ya mirusho yao kuliko S21 yenyewe. La tatu ni la redio mbili ndani ya boksi moja, moja ikirusha wakati nyingine inasikiliza. Chukua redio inayorusha milliwati 100, yaani 20 dBm, kando ya nyingine inayotakiwa kusikia ishara ya -90 dBm. Tofauti ni desibeli 110. Hapo -20 ni mzaha, -40 ni mwanzo tu, na kazi iliyobaki itafanywa na vichujio na kupangiana zamu. Anayekwambia antena zake zina utengano mzuri bila kusema kwa ajili ya nini, hajakwambia kitu.

Halafu kuna la nne, linalowapata wanaotengeneza makundi makubwa ya kuelekeza boriti kwa fezi, kama sahani bapa za Starlink zilizoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023, ambazo kila moja ina vipengele zaidi ya elfu moja. Tuseme kipengele kimoja kina majirani 8 na kila mmoja anakivujishia kwa -20. Kwa nguvu ni asilimia 1 kila mmoja, na mtu atajumlisha apate 8 aridhike. Lakini mawimbi hayajumlishwi kwa nguvu, yanajumlishwa kwa ukubwa na fezi. Kila mvujo una ukubwa wa 0.1; ikikutana yote kwa fezi moja unapata 0.8, na kipeo cha pili cha 0.8 ni 0.64. Asilimia 64 ya nguvu inarudi. Boriti ikielekezwa pembe fulani, fezi hizo hupangana zenyewe na kundi zima linapofuka; David Pozar na Daniel Schaubert walilieleza jambo hili kwa viraka mwaka 1984. Hapo wimbi la uso ndilo mshukiwa wa kwanza, na hapo ndipo dawa kali zina haki ya kutumika.

Dawa kali maarufu kuliko zote ni uso wa uyoga: visahani vidogo vya shaba, kila kimoja kimesimama juu ya kijiti kinachoshuka hadi ethi, vimepangwa safu kwa safu. Dan Sievenpiper na wenzake waliufanya ujulikane mwaka 1999. Vijiti ni indakta, mianya kati ya visahani ni kapasita, na kwa masafa fulani wimbi la uso halipiti. Mwaka 2003 Fan Yang na Yahya Rahmat-Samii waliweka uyoga huu kati ya viraka viwili kwenye gigahezi 5.8, mvujo ukapungua kwa desibeli 8. Ni kazi ninayoiheshimu sana, na kila mwaka naona wanafunzi wakiinakili mahali isipostahili. Kihami chao kilikuwa na kigezo cha 10.2 na unene wa karibu milimita 2, yaani 0.039 ya wimbi: juu ya mpaka wa 0.03 niliotaja. Walikuwa na ugonjwa ambao dawa yao inautibu. Ukiupeleka uyoga kwenye FR-4 ya milimita 1.6 kwa gigahezi 2.45, wimbi la uso la kuzuia ni dogo, na zaidi ya hapo kijiti kifupi kiasi hicho kinakupa indakta ya nanohenri 2 tu, kwa hiyo visahani lazima viwe vipana ili rezonansi ishuke, na nafasi ya kupanga safu za kutosha kati ya viraka huna. Mara nyingi S21 bado itashuka, kwa sababu shaba yoyote utakayoiweka pale itaukoroga uga wa karibu. Lakini hilo si kazi ya uyoga, na kipande kimoja cha shaba cha kawaida pengine kingefanya vilevile.

Kosa jingine linaniuma zaidi kwa sababu limejificha ndani ya bodi tunazoweza kuzimudu. FR-4 hula nguvu na kuigeuza joto. Tuseme kiraka chako kinarusha nusu tu ya nguvu kinayopewa, jambo lisilo la ajabu kwenye FR-4. Mvujo unaopitia hewani unakatwa nusu wakati wa kutoka na nusu tena wakati wa kuingia kwa jirani: desibeli 6 za utengano ambazo hukuzifanyia kazi. Zimetoka kwenye joto. Ndiyo maana antena mbovu zikiwekwa jirani huonekana zina tabia njema. Kipimo cha kufanana kwa antena kinachokokotolewa kutoka S11 na S21, kwa fomula waliyoichapisha Blanch, Romeu na Corbella mwaka 2003, kinadhani kwamba antena hazipotezi nguvu. Ukikitumia kwenye FR-4 kitakupa namba ndogo ya kupendeza, na katika ripoti nyingi nilizosoma ndiyo namba iliyobeba hitimisho lote.

Wala mwingiliano si adui kila mahali. Zile antena za televisheni zenye umbo la mwiba wa samaki zilizojaa juu ya mapaa ya miji yetu ni kazi ya Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi wa Japani, ya mwaka 1926, nazo zinaishi kwa mwingiliano. Kijiti kimoja tu ndicho kimeunganishwa na waya. Vingine vyote vinapata mkondo kwa kuvujishiwa na jirani. Anayeuelewa mvujo kwa fezi yake anaweza kuufanyisha kazi, na mbinu kadhaa bora za utengano kimsingi ni hilo tu: unaleta mvujo wa pili, sawa kwa ukubwa na kinyume kwa fezi, ufute wa kwanza.

Sasa tuje kwenye la kufanya. Kabla ya yote andika kwenye karatasi utengano unaouhitaji na sababu yake. Kisha zitumie njia zisizo na gharama. Geuza kiraka kimoja kwa nyuzi 90, ili uga wa umeme wa mmoja uwe msalaba kwa wa mwenzake. Mvujo hushuka, maumbo ya mirusho yanatofautiana, na ndani ya nyumba zenye kuta na mabati kila antena inapata ishara yenye njia zake. Paneli za minara ya simu zimefanya hivi kwa miaka mingi, zikiegemeza antena nyuzi 45 huku na 45 kule. Kama nafasi ipo, sogeza. Kama huwezi kusogeza kwa upande, sogeza kwa mshazari. Kama masafa ni ya juu, chagua kihami chenye kigezo kidogo, au punguza unene wake na ukubali kwamba upana wa masafa utapungua nao. Kwenye kifaa chenye ethi finyu, peleka antena kwenye pembe tofauti ili zisisukume mkondo kwenye ukingo mmoja.

Hayo yakishindwa, chagua kwa kufuata njia ya mvujo. Uga wa karibu unafutwa vizuri na kipande cha shaba kisichounganishwa katikati, au na mstari wa kufutia, waya mwembamba unaochota mkondo kidogo kutoka antena moja na kuupeleka kwa jirani kwa fezi ya kinyume. Diallo, Luxey na wenzao wa Ufaransa waliuonyesha mwaka 2006 kwenye antena za simu za bendi mbili zilizopakana. Ufa kwenye ethi unafaa pale mikondo ya ethi ndiyo mkosaji, na pale nyuma ya bodi hakuna cha kudhuriwa. Uyoga ni kwa kihami kinene. Saketi ya kutenganisha, inayowekwa kati ya redio na antena, hutibu milango, yaani sehemu za kulishia antena, bila kugusa anga, na ndiyo inayolipa lile deni la upana kwa uwazi kuliko zote. Kila mojawapo itaisogeza rezonansi, kwa hiyo urefu wa viraka urekebishwe upya kila mara. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo iliyomwangusha kijana wangu.

Mwisho, pima nguvu. Toa kwenye 1 sehemu inayorudi na sehemu inayovuja, zote kwa uwiano wa nguvu. Kinachobaki ndicho kilichoingia kwenye muundo wenyewe. Kisha tafuta kiasi gani cha hicho kinakuwa joto. Chumba maalumu cha kupimia wengi wetu hatuna, lakini Harold Wheeler alituachia mwaka 1959 mbinu ya kuifunika antena kwa kopo la chuma ili isirushe, na kulinganisha usomaji ikiwa imefunikwa na ikiwa wazi. Sufuria ya aluminiamu iliyokaa vizuri juu ya ethi, pana kuliko kiraka na isiyo na rezonansi zake karibu na masafa yako, inakupa makadirio ya kuridhisha ya upotevu wa kiraka kimoja. Kwa bodi nzima yenye antena mbili hakuna njia ya mkato: mlango usiotumika ufungwe kwa oumu 50, bodi iwekwe nje, ishara isomwe kwa mbali kwenye sehemu ileile, kwa pembe nyingi, kabla na baada ya dawa. Na kwa wenzangu tunaosimamia miradi na kukagua makala, ninaomba tuache kupokea picha ya S21 bila S11 kando yake na bila ufanisi uliopimwa. Vijana wanajifunza kutafuta kile tunachokipa alama.

Kijana aliuziba ufa kwa utepe wa shaba, akaulehemu kingo zote, kisha akachonga bodi mpya yenye kiraka cha pili kimegeuzwa nyuzi 90. S21 ikasoma -24 kwa upana wote wa Wi-Fi, S11 ikiwa chini ya -15 katikati. Ishara ng'ambo ya uwanja ilirudi kama ilivyokuwa kabla ya ufa, na pembezoni ikawa bora kidogo. Lakini uso wake haukuwa wa siku ile ya -38. "Mwalimu, nikiongeza kipande kimoja hapa katikati naweza kufika -40," akasema. Nikampa kalamu nikamwomba atafute kwanza atapata nini. Akageuza karatasi ya vipimo, akaandika kwamba -24 ni asilimia 0.4, akaibadili kuwa desibeli, akapata 0.017. Aliitazama namba ile kwa muda, akazima VNA, akaenda kutafuta kasha la plastiki.